Majani ya Shangazi

Mume na mke walimwita ng'ombe wao Shangazi, kwa jinsi alivyomkagua kila mgeni kwa macho kama anamtafutia kosa. Mke ndiye aliyemlea tangu akiwa ndama yatima, akimnywesha maziwa kwa chupa. Shamba la majani nyuma ya nyumba nalo lilikuwa lake. Aliyakata yakifika kiunoni, kabla mabua hayajakomaa yakawa kama fito, na kila akikata, alirudishia mashina samadi. Mumewe, fundi cherehani, kazi yake ilikuwa kunywa chai ya maziwa na kusifu.

Binti yao alipojifungua, mke alifunga safari kwenda kumhudumia.

"Baba watoto, majani yakikawia kuota, mpe yale makavu ya stoo. Haya mabichi usiyaharakishe."

"Nenda salama, mama. Kwani mimi mgeni hapa?"

"Wewe? Unajua pazia, jani hulijui!"

Wakacheka, akaondoka.

Mvua ikagoma. Majani yakasinyaa, maziwa yakapungua. Fundi akaona haya: mkewe akute ndoo haijai? Akanunua mbolea ya dukani, akainyunyiza shambani. Alipoona kimya, akaongeza. Mvua kidogo ilipodondoka, majani yakachipuka, kijani kimekolea hata kinang'aa. Hayakuwa yamefika gotini, lakini fundi hakuweza kungoja. Akayakata, akajaza hori. Shangazi, aliyechoka kutafuna makavu, akayafakamia.

Kabla jua halijafika utosini alikuwa akihema mbio, miguu ikipishana, ufizi umegeuka kahawia. Daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki, akamdunga sindano. Alikuwa amechelewa; Shangazi alikata roho.

"Ulitia mbolea gani, mzee?"

Fundi akamweleza. "Nilitaka yakue upesi."

"Ardhi ilikuwa kavu. Majani yaliyoshikwa na kiu yakipewa mbolea nyingi, halafu yakaonja mvua, huifyonza mbolea hiyo kwa pupa na kuilimbikiza kwenye bua. Ng'ombe akiyala hivyo, damu yake inashindwa kubeba hewa. Ungeyaacha yakue kwanza, huenda yangekuwa chakula."

Kila mkewe alipopiga simu, swali la kwanza lilikuwa la Shangazi. "Hajambo," fundi alijibu, kila mara akijiambia kwamba kesho atasema kweli.

Mke alirudi na jiwe la chumvi alilomnunulia ng'ombe wake. Hakuingia ndani, alipitiliza bandani. Fundi alimkuta amesimama mbele ya hori tupu, jiwe mkononi. Akamwambia yote, mwanzo hadi mwisho.

Mke aliliweka jiwe ndani ya hori.

"Ng'ombe hufa," alisema hatimaye. "Hata mimi ningeweza kukosea. Lakini mimi huko nilikuwa nacheka na mjukuu, namwambia atakunywa maziwa ya Shangazi. Na wewe kwenye simu unanisikiliza, unaitikia."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila usinihimize nisahau."

Majani yaliendelea kukua. Jirani mwenye mbuzi alipoomba kukata, mke alimpeleka shambani akamwonyesha yaliyofaa na ya kuacha, akamweleza taratibu, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia zamani na mumewe. Fundi aliwasikia kutoka dirishani, kitambaa kimekwama chini ya sindano. Alitamani na yeye atoke akasikilize. Hakujua aanzie wapi.