Kabati la Mama Mkwe

Mkaguzi wa bima aligonga ukuta wa chumba cha watoto kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akanusa. Mama mwenye nyumba alimtazama kama kuku anavyomtazama mwewe. Ndiye huyuhuyu aliyekuja baada ya tufani, akaidhinisha mabati ya paa tu, dai likafungwa. Sasa plasta inamdondokea mwanawe kitandani. Ukuta mzima umelowa asiuone? Huyu na kampuni yake lao moja.

Mkaguzi naye alikuwa na yake moyoni. Alieleza kwa upole wa kuudhi kwamba dai lililofungwa hufunguliwa tu kwa hasara ya tufani ileile ambayo haikuonekana kwenye ukaguzi wa kwanza. Mtu akimwaga ndoo ya maji ukutani juzi, hiyo ni habari nyingine. Neno "ndoo" alilivuta kidogo.

"Ndoo aimwage nani, mimi?"

"Sijamtaja mtu, mama. Ila siku ile nilisimama hapahapa, mbele ya kabati, sikuona unyevu."

Mama akageuka kuangalia ukumbini. Kabati lile jeusi lilikuwa la mama mkwe. Siku moja alirudi kazini akalikuta chumbani humu, akashukuru mno kwamba bibi amewaachia wajukuu. Juzi tu, plasta ilipoanza kumeguka, ndipo walipolisukumia ukumbini. Sasa akaanza kuhesabu siku.

Akamwita mama mkwe, ambaye alikuwa nyuma ya mlango tayari.

"Mama, kabati ulilihamisha lini?"

"Asubuhi ya siku aliyokuja mgeni."

"Kuficha doa?"

"Sasa mwanangu, mtu anakuja na kalamu yake, nimwonyeshe uchafu? Hata kitanda hutandikwa mgeni akija."

Mkaguzi hakucheka. Alitoka akaenda ukumbini, akaligeuza kabati. Mbao za nyuma zilikuwa zimevimba, zimeota ukungu mweusi toka pembe hadi pembe. Wakalirudisha ukutani wote watatu: doa la mbao na doa la ukuta yakalingana kama kiganja na kiganja. Ukungu wa namna ile hauoti kwa ndoo ya juzi. Akapiga picha.

"Nitapendekeza dai lifunguliwe upya," alisema. "Lakini lazima niandike kwamba mlificha."

Mama alijua kampuni ingeweza kuling'ang'ania neno hilo ili isilipe. Akautazama ukuta, akakitazama kitanda cha mtoto kilichosogezwa mlangoni.

"Andika. Na uandike pia kwamba hukulisogeza kabati."

Kalamu ikasita. Mkaguzi akamtazama, akalitazama kabati, kisha akaandika. Alipotaka kufunga faili, mama akaliwekea mkono.

"Nisomee kwanza."

Akasoma. Yote mawili yalikuwamo.

"Rudia," mama akasema.

Kando yao, mama mkwe aliuliza kwa sauti ya chini kama chai ya mgeni nayo aifiche.