Wingu Lililopigwa Picha Juu ya Paa Langu

Usiku wa jana niliota wingu limeketi juu ya paa langu, limekunja miguu, linavuta mvuke wa chai iliyokuwa jikoni. Wingu lenyewe nalijua. Ndilo lile linaloonekana kwenye ramani ya simu pale ambapo ingepaswa kuonekana nyumba yangu. Huku kwetu Lushoto mawingu hayana adabu, na setilaiti ilipopita kupiga picha, moja lilikuwa limenilalia.

"Ondoka," nikaliambia. "Leo washenga wa binti yangu Saumu wanatoka Korogwe, na wanafuata simu. Wasipoiona nyumba, mwanangu atachumbiwa vipi?"

"Siwezi," likajibu. "Nilikuwa napita zangu tu. Nikapigwa picha, nikawa mkazi."

"Mkazi! Mimi nimezaa watoto wangu wote humu!"

"Kwenye picha hakuna mtoto."

Loo! Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu alikuwa ananimaliza.

Mara niko barabarani. Washenga wanapanda kilima, ila watu siwaoni. Naona kofia tano na vivuli vitano virefu, vinateleza juu ya vumbi. Naiuliza kofia ya mbele uso wake uko wapi.

"Tumekuja kwa picha ya setilaiti, mama. Kutoka juu mtu hana uso."

"Haya, karibuni. Nyumba ndiyo hii hapa."

"Hapo pana wingu, mama. Sisi hatuposi wingu."

Wakapinda kwa jirani yangu Bi Kidawa, ambaye paa lake jekundu linaonekana vizuri kabisa. Washenga hawataji jina la binti. Husema tu wameona ua zuri katika bustani hii, na mwenye nyumba hujibu kwa mafumbo yaleyale. Bi Kidawa naye ana binti, na mafumbo anayajua. Wakishakunywa chai yake, Saumu wangu hana chake.

Nikachukua ungo, nikapanda juu ya paa, nikaanza kulipepeta lile wingu kama pumba.

"Taratibu," likasema. "Unanipeleka wapi?"

"Popote. Tena sitaki kujua."

Likateleza huku linanung'unika, likaenda kutua kwa Bi Kidawa. Papo hapo setilaiti ikatokea, imetanua mabawa yake ya vioo, ina haraka kama mpiga picha mwenye harusi mbili.

"Simama hivyohivyo."

"Ngoja nijitande khanga!"

"Khanga siioni."

Sasa mimi nikiona kitu kigeni siwezi kunyamaza. "Hebu niambie, huko juu unaona nini?"

"Naona shamba la nani limelimwa na la nani limeota magugu. Zamani mtu aliongopa apendavyo. Siku hizi akisema amelima, wanakuja kuniuliza mimi."

"Na sisi watu?"

"Ninyi ni vivuli. Asubuhi mko warefu."

"Na saa sita mchana?"

"Saa sita mchana hampo."

Makubwa! Nilitaka kuuliza tunakwenda wapi, lakini ilishapita. Kofia tano zikageuka, zikaja mlangoni kwangu. Ya mbele ikabisha hodi, nikaamka.

Saumu alikuwa amesimama kando ya kitanda, anatweta, simu mkononi.

"Mama, amka uone! Nyumba yetu imetokea!"

Kweli bwana. Mabati yetu yenye kutu, yote. Juu yake kuna kitu cha mviringo, ukubwa wa ungo, na kando yake kivuli kirefu cha mtu aliyeinama. Nilifurahi, nusura nipige vigelegele. Kisha nikaisogeza picha kidogo kwa kidole. Kwa Bi Kidawa hapakuwa na paa jekundu. Palikuwa na wingu.

Sikupata hata nafasi ya kuvaa kandambili. Bi Kidawa mwenyewe alikuwa ameshaingia uani, macho yamemtoka.

"Mama Saumu, shoga yangu, nisamehe na asubuhi hii. Washenga wa mwanangu wamepiga simu. Wanasema kwangu wanaona wingu tu, wanataka kugeuza warudi. Nifanyeje mimi?"

Kumbe naye alikuwa anangoja washenga, na hakunidokeza! Nikamtazama, nikamwonea huruma, nikajionea aibu.

"Waambie wasigeuze," nikasema, huku najifunga khanga kiunoni. "Nakwenda kusimama barabarani. Nitawaonyesha kwa mkono."