Siku Nyundo Alipokipiga Mnada Kitanda cha Wodi

Muuguzi wa kliniki ya watoto alipoingia wodini kumwona baba yake, alimkuta mdogo wake wa kiume akicheka mpaka machozi yanamtoka.

"Dada, njoo usikie! Mzee amerudi. Anakipiga mnada kitanda."

Kweli, baba yao alikuwa ameegemea mito, kidole kimenyooka kwa wagonjwa wenzake. "Kitanda cha chuma, na godoro lake juu! Nani anaongeza? Yule bwana wa dirishani kaongeza!" Bwana wa dirishani, mguu wake umefungwa plasta, naye alikuwa hoi kwa kicheko.

Mzee huyo alikuwa dalali wa mnada maisha yake yote. Watu walimwita Nyundo, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Tangu nimonia imlaze alikuwa hasemi ila kwa kunong'ona, na chakula alikuwa akionja tu. Ndiyo maana kijana alifurahi hivyo.

Dada mtu naye alitaka kucheka. Kisha akasogea karibu. Fulana ya baba ilikuwa imelowa chapachapa, na feni inazunguka juu yake. Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, unateleza kwa jasho.

"Baba, mimi nani?"

Nyundo alimnyooshea kidole. "Wewe mteja," akasema. "Ongeza dau au nipishe."

Kijana akacheka tena.

Dada mtu akamwambia baba atabasamu, kisha anyanyue mikono yote miwili. Uso haukupinda, na mikono ilipanda sawasawa, ila vidole vilikuwa vinatetemeka. Basi huenda si kiharusi. Akaanza kuhesabu pumzi zake, akapotea njiani, akaanza upya, akapotea tena. Watoto wa watu aliwahesabia kila siku bila shida. Kwa baba yake hesabu ilimkimbia. Kichwani mwake lilizunguka wazo moja tu: maambukizi ya mapafu yameingia kwenye damu. Aliwahi kumwona mtu akichukuliwa hivyo, asubuhi anaongea, jioni shuka limefunikwa usoni.

Alitoka mbio, pochi bado begani. Muuguzi wa zamu, mwanamume mfupi mwenye miwani, alikuwa ameinama akimrekebishia mgonjwa mwingine dripu.

"Kaka, njoo umwone baba. Maambukizi yamefika kwenye damu. Muite daktari, tafadhali, sasa hivi!"

"Nakuja, dada."

"Usiniambie nakuja! Mimi mwenyewe ni muuguzi, najua ninachosema."

Yule muuguzi hakukasirika. Alibandika plasta ya dripu, akainuka. "Hapa wewe ni mtoto wake," akasema taratibu. "Niambie ulichokiona. Unachokiogopa tutakifikia."

Dada mtu akamtajia. "Anatoka jasho, mwili wa baridi. Anatetemeka. Maneno hayaeleweki, hanitambui. Jana alinitambua."

"Na ana kisukari, sivyo?"

Kabla hajajibu, muuguzi alishachukua kipimo cha sukari na kuanza kutembea, huku akimwagiza mwenzake ampigie daktari. Dada mtu alimfuata roho juu. Kidole! Mtu anakufa, huyu anashughulika na kidole! Alitaka kumpokonya kile kipimo akitupe dirishani. Sindano ikatoboa, tone likatoka, wakasubiri. Kusubiri kwenyewe kulikuwa kufupi, lakini aliona kama moyo utampasuka.

Muuguzi alisoma, akamwonyesha. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya sana.

Wakati dada mtu ameng'ang'ania maambukizi ya damu, jibu lilikuwa wazi mbele yake: jasho, baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelisema.

Muuguzi alisukuma glukosi kwenye mshipa polepole. Nyundo alipepesa macho, akatazama feni, akamtazama binti yake.

"Mbona umevaa uso wa msiba?" akauliza. "Nani kafa?"

Binti alilia palepale, mbele za watu.

Lakini muuguzi wa zamu hakutabasamu. "Vidonge vyake vya sukari tulivisimamisha kwa sababu hali chakula. Kuna mtu amempa?"

Kijana alikuwa ameukumbatia ubao wa kitanda. Rangi ilikuwa imemtoka. "Nilimpa mimi," akasema. "Vya nyumbani. Jana na leo. Niliona hapa wamemsahau."

"Umempa dawa bila kuuliza!" Dada mtu alimgeukia, mkono umeshainuka.

"Si wewe uliyeniambia kwenye simu nihakikishe baba hakosi dawa?"

Mkono ukashuka. Ni kweli alisema. Alisema akiwa na haraka, mtoto wa mtu akilia mapajani mwake, na hakufafanua dawa gani.

Daktari alifika, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Alisema vidonge vile hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo sukari inaweza kushuka tena. Akaagiza dripu ya glukosi, vipimo vya mara kwa mara, na chakula hata kama mzee hataki. Hatari, alisema, bado haijapita.

Muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha, muuguzi wa zamu aliruhusu abaki mtu mmoja tu. Dada mtu aliweka pochi kitini. Kisha akamwona mdogo wake, amejikunja ukutani, hathubutu kumsogelea baba yake. Akaichukua tena pochi.

"Baki wewe," akamwambia.

"Mimi? Baada ya haya?"

"Akitoka jasho, akitetemeka, akiongea ovyo, au akinyamaza ghafla, mwite muuguzi. Usimpe kitu, usisubiri, usicheke."

Dada mtu alikaa kwenye benchi la nje, simu mkononi, akitazama mlango. Kila aliyetoka na koti jeupe alimsimamisha moyo.

Jua lilipoanza kuinama, simu iliita.

"Imeshuka tena, dada." Kijana alikuwa anahema. "Alianza kunyamaza, nikamwita kaka muuguzi mbio. Wamemwongezea glukosi. Sasa imepanda. Anakula."

"Anasema nini?"

"Anasema uji hauna chumvi, na mpishi wao afukuzwe."

Alishusha pumzi ndefu, ila hakuondoka pale benchini.