Mtoro wa Chumbani

Jumatano tatu mfululizo kwaya yetu ilifanyia mazoezi chumbani kwangu, na Jumatano zote tatu mimi niliandikwa mtoro.

Sikujua. Ukiwa umelala chali, plasta shingoni, watu ishirini na wawili wamekuzunguka wanakuimbia, hufikirii daftari la mahudhurio. Unafikiria watakaa wapi. Chumba changu hapa Levolosi kina kitanda, kabati na cherehani. Besi waliimbia koridoni. Sauti ya tatu waliingia kwa mpangaji mwenzangu, ambaye ni Mwislamu, na kibwagizo alikishika kabla yao.

Ule uvimbe wa shingo niliuita goita kwa miaka minne. Niliwaambia wateja nimeficha embe, msimu ukifika nitawagawia. Mwezi uliopita daktari akachukua kinyama, akakipeleka kupimwa, na majibu yaliporudi akaacha kucheka nami. Saratani. Operesheni ikapangwa Jumanne. Akanieleza kwa upole kwamba mshipa wa sauti unapita palepale penye uvimbe, na kwamba atajitahidi asiuguse. Nimeshonea watu nguo miaka kumi na tisa. Fundi akikwambia “nitajitahidi,” najua maana yake.

Kwaya ilikuwa inarekodi Jumamosi, siku tatu kabla ya kisu. Basi nikawa na ombi moja tu kwa Mungu, dogo, wala sikumsumbua kwa mengine: kama sauti itaondoka Jumanne, iwe imeacha nakala.

Alhamisi nikajifunga mtandio, nikaenda kikao cha kwaya kwa miguu yangu. Katibu wetu, Naeku, akasimama kusoma majina ya watakaorekodi.

“Sauti ya pili,” akasoma. “Anyesi, Namelok, Naisiae.” Akafunga daftari.

“Umeruka mtu,” nikasema.

“Sijaruka, Mama Elia. Una X tatu.”

“X za nini?”

“Za utoro. Kifungu cha saba cha kanuni zetu: anayetoroka mazoezi matatu mfululizo harekodi.”

Nikacheka. Nikaona nacheka peke yangu.

“Naeku, mazoezi hayo yalifanyika wapi?”

Akafungua daftari, akapitisha kidole, kama vile hakumbuki. “Kwako.”

“Na mimi nilikuwa wapi?”

“Kitandani.”

“Basi nilikuwepo!”

“Nyumbani ulikuwepo. Mazoezini hukuwepo. Mgonjwa haimbi, anaimbiwa.”

“Niliimba! Ubeti wa tatu mlipotekwa na sauti ya kwanza, nani aliwarudisha?”

“Hilo ni kweli,” akasema Mwalimu Aminiel, anayetufundisha nyimbo. “Alitupigia godoro kwa kiganja.”

Naeku hakumtazama. “Kama ana udhuru, angeandika barua ya udhuru.”

“Barua nikuletee wapi, nawe ulikuwa umekalia miguu yangu?”

“Ungenipa palepale.”

Besi wakaanza kukohoa, maana ukumbini kwetu kucheka kwenye kikao ni utovu wa nidhamu, lakini kikohozi kinaruhusiwa. Mimi ni Mmeru wa Poli, Naeku ni Mwarusha wa Kisongo, na utani wetu ni wa kila siku. Nikamchokoza kama kawaida: “Ninyi mmezaliwa mkihesabu ng'ombe. Ng'ombe akilala kidogo, mnaandika amepotea.”

Kwa kawaida angenijibu kwamba Wameru tungehesabu nini, migomba haitembei. Safari hii akaliweka daftari mezani, akatoka nje.

Nikamfuata. Nilimkuta bombani ananawa uso, na bomba lilikuwa halitoi maji.

“Unamkumbuka Meitamei?” akaniuliza.

Nani hamkumbuki? Besi yetu, aliyeugua figo.

“Nilimwandikia U,” akasema Naeku. “U ya udhuru. Kila Jumatano, U yangu nzuri, yenye mkia. U kumi na tatu. Jumatano ya kumi na nne nikachukua rula, nikalipiga jina lake mstari.” Akafunga bomba lile lisilotoa kitu. “Nilipofika kwenye jina lako mkono ukagoma kuandika U. Nikasema ngoja niweke X. Mtoro si anarudi?”

Mdomo wangu una jibu la kila mtu, hata mgambo wa jiji wanaokuja kuniondolea cherehani barazani huondoka wamejibiwa. Pale nikalifungua tena lile bomba kavu.

“Sasa huruma yako imenifungia nje,” nikasema.

“Najua. Nilisahau kifungu cha saba.”

“Kifungu cha saba ulikiandika wewe.”

“Najua, Tabea! Si nimesema najua?”

Kufuta ilikuwa haiwezekani. Daftari letu hukaguliwa na baraza la wazee wa usharika, na anayefuta husimamishwa mwaka mzima. Hicho ni kifungu cha nane, nacho pia ni cha Naeku. Lakini tuliporudi ndani Mwalimu Aminiel akakumbuka cha tisa: mtoro aliyejirudi akiomba msamaha mbele ya kwaya, na kwaya ikampokea, anahesabiwa mzima. Akalitamka neno “mzima,” kisha akaona alichosema, akajifanya anatafuta miwani.

Nikapita mbele.

“Bwana asifiwe.”

“Amina!”

“Wapendwa, mimi Tabea naomba msamaha. Nimetoroka mazoezi mara tatu. Nilijificha chini ya blanketi langu mwenyewe. Mkanitafuta, mkanipata, mkaniimbia nyimbo sita, mkanywa chai yangu, na bado niliendelea kutoroka machoni penu. Sitarudia.”

“Wanaompokea wanyooshe mikono,” akasema Mwalimu.

Mikono ikapanda, wa Naeku ukiwa wa kwanza. Mwalimu alipouliza wanaopinga, Namelok naye akanyoosha. Ikabidi asimamishwe ajieleze. Alisema hapingi, alitaka kuuliza kama Jumamosi tunavaa sare.

Jumamosi tukaenda studio, chumba kimoja nyuma ya gereji huko Themi, kuta zimebandikwa trei za mayai. Fundi mitambo aitwaye Ezra, baba mwenye upara na maneno machache, hakuwa akitufahamu hata mmoja. Alirekodi sauti moja moja. Ya kwanza wakaingia, wakamaliza. Ya tatu na besi wakamaliza pia, ingawa besi walirudia kwa sababu ya injini ya gereji, ambayo ilikuwa imeshika ufunguo wa wimbo vizuri kuliko wao.

Tukaingia sisi. Wimbo wenyewe ni maombi ya rehema, na sauti ya pili ndiyo inayoanza ubeti wa tatu. Tulipofika pale, Anyesi akanitazama shingo, akalia. Naisiae akamtazama Anyesi, akalia. Namelok akalia bila kumtazama mtu. Tukarudia mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kila tukifika penye “rehema” wananitazama, machozi yanaanza.

Ezra akavua hedifoni. “Akina mama, mashine yangu inachukua kila kitu. Hapa ninayo makamasi ya watu watatu na mwimbaji mmoja.”

“Jamani,” nikawaambia, “shingo ni yangu na mimi silii. Ninyi mnalia kwa kibali cha nani?”

Wakalia zaidi. Mwalimu Aminiel akaenda kunong'ona na Ezra, akarudi.

“Tabea, anasema ukiimba peke yako mara nne, ataziunganisha zisikike kama watu wanne. Utaweza?”

Wenzangu wakatolewa nje, wakaenda kulilia gerejini. Naeku akaomba abaki anishikie karatasi ya noti, ingawa anajua wimbo ule naujua hata usingizini. Akakaa sakafuni chini yangu, karatasi mkono mmoja, mkono wa pili amejiziba mdomo, kwa ajili ya mashine.

Nikaimba mara ya kwanza, ikaenda vizuri. Ya pili ikaipita ya kwanza. Ya tatu nikafika kwenye “rehema” sauti ikakwaruza mwishoni, kama uzi uliokwama kwenye sindano.

“Irudiwe hiyo,” akasema Ezra.

“Iache,” akasema Mwalimu Aminiel. “Sauti ya pili ya kwaya yoyote lazima iwe na mmoja mwenye mafua.”

Naeku mabega yakawa yanacheza. Sikujua anacheka au analia, na nadhani yeye mwenyewe hakujua.

“Bado moja,” Ezra akaniambia kupitia kioo. “Tunaweza kupumzika kwanza, Mama. Tukaimalizia hata wiki ijayo, tuseme Jumanne.”

“Jumanne sipo. Kuna fundi anafungua shingo.”

Alikuwa amesikia kwamba nashona. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyewahi kuharibiwa suti.

“Basi mwambie asiwe na haraka,” akasema. “Shingo ndiyo kazi. Akikosea hapo, nguo nzima haivaliki.”

“Nitamwambia.”

Akavaa hedifoni, akanyoosha kidole juu. Naeku akainua karatasi, ameishika kichwa chini. Nikavuta pumzi.