Barua Tisa katika Nchi ya Mapokezi

Alhamisi ile nilirudi chumbani saa tisa alasiri, viatu mkononi, kwa kuwa kisigino cha kulia kilikuwa kimechubuka tangu ofisi ya sita. Kwa siku nne nilikuwa nimezunguka ofisi tisa za Mbeya nikiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, yale ambayo sisi wanafunzi huyaita fildi. Stashahada ninayo, na sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Kazi tunayosomea ni ya masijala: kupokea barua, kuzipa namba, kuziweka kwenye majalada, na kuhakikisha jalada la mtu linapatikana siku anapolihitaji. Chuo kilitaka kila mmoja wetu arudishe fomu ya kukubaliwa na ofisi kabla ya Ijumaa jioni. Asiyeirudisha haendi fildi, na asiyeenda fildi anarudia mwaka. Fomu yangu ilikuwa tupu kama ilivyotoka kwenye mashine.

Kwenye simu nilikuta ujumbe wa shemeji Ambakisye, mume wa dada yangu Lugano. "Shem, acha kuzurura juani. Niletee hiyo fomu na kile kitabu cha mafunzo, kuna mtu wangu atakugongea mihuri vyote leo leo. Wiki nane unakaa nyumbani unamsaidia dada yako mtoto." Kitabu cha mafunzo ni kile ambacho mwanafunzi huandika kila jioni alichokifanya ofisini, na msimamizi akasaini. Shemeji alitaka kisainiwe kizima kabla sijakanyaga ofisi yoyote. Sikumjibu. Nilijitupa kitandani na sketi yangu nyeusi ya kuombea kazi, nikaanza kuwalaani makatibu muhtasi wote tisa, mmoja baada ya mwingine, na usingizi ukanichukua nikiwa kwa wa tano.

Nikajiona nimesimama katika nchi isiyo na shamba wala mto, nchi nzima ukumbi mmoja wa mapokezi. Mbingu yake ilikuwa dari yenye madoa ya maji, jua lake taa ndefu inayopepesa bila kuamua kama iwake au izime, na kila ulipotazama palikuwa na mabenchi yaliyofuatana hadi macho yanapokoma. Juu yake waliketi vijana wa rika langu, kila mmoja amepakata bahasha ya kaki kama mtu aliyempakata mtoto mwenye homa, na wengine walikuwa wamekaa muda mrefu kiasi kwamba buibui walikuwa wamewashona magoti na bahasha zao pamoja. Katikati yao alipita mwanamke mnene mwenye sauti ya asali, akiwagawia mito ya kukalia. Huyo alijiita Subira. "Kaeni, wanangu," alikuwa akisema. "Mvumilivu hula mbivu." Nikamwuliza kijana wa pembeni yangu ni lini mara ya mwisho aliiona hiyo mbivu. "Sijawahi," akasema, "ila mto ni laini."

Hapo mkono ukanishika kiwiko. Alikuwa msichana mwembamba, uso wake kama wa mtu aliyetafuna jani la mwarobaini akalimeza bila maji. "Naitwa Uchungu," akaniambia. "Usinikumbatie na usinikimbie. Tembea na mimi kama mgonjwa anavyotembea na dawa, kidogo kidogo na kwa saa yake, na ukipona uniache." Nikamwuliza mbona anamtazama Subira kwa jicho la chuki, ilhali sisi tumelelewa kumsifu. "Subira wa kweli husubiri mbegu aliyoipanda," akajibu. "Huyu huwasubirisha watu ambao udongo hawajaugusa. Ana jina la yule wa kweli, aliyekwisha kufa, na kazi nyingine kabisa."

Akaniongoza hadi kwenye kaunta ndefu ambako aliketi Bi Kesho, kikombe cha chai mkononi, kucha zikingoja kukauka rangi. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua macho. "Acha barua hapo, dada. Tutakupigia."

"Lini?"

"Kesho."

"Namba yangu mnayo?"

"Si umeiandika kwenye barua?"

"Barua hamjaifungua."

Akaniangalia kama aliyemsikia nzi akisalimia. "Una haraka za nani wewe? Wenzako wamekaa." Kisha akanyoosha mkono nyuma ya kiti, kwenye kilima cha bahasha kilichofika kiunoni, akachomoa moja, akaipasua vizuri kwa kucha na kuifungia andazi lake. Nilisoma jina la mwombaji kabla mafuta hayajalifuta. Alikuwa mtu wa darasani kwetu.

Mara mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka Mzee Kujuana. Alikuwa mfupi, mikono yake mirefu ikiburura funguo sakafuni, na hakuwa na macho, pua tu, pua kubwa yenye busara. Hakuuliza mtu amesoma nini. Alipita benchi kwa benchi akinusa na kuuliza swali moja. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Mwakalinga," nikamjibu, "fundi cherehani wa mtaa wa Soweto, Mbeya."

"Simjui." Akanusa mwenzangu. "Na wewe?" Kijana akataja jina la ukoo, na uso wa mzee ukachanua. "Ahaa. Mama hajambo? Mguu wake umepona?" Mlango ukafunguliwa, kijana akaingia akijinyoosha suruali, bahasha yake akaiacha benchini. Nikaifungua. Ndani mlikuwa na karatasi nyeupe isiyo na hata tarehe.

Nikasema kwamba nchi hii ni ya dhuluma. Uchungu hakunibembeleza. "Ni ya dhuluma," akasema, "na usimruhusu mtu akwambie vinginevyo, hata awe mchungaji, hata awe mzazi wako. Lakini dhuluma ina mlango wa nyuma, na huko ndiko inakowapoteza wengi zaidi kuliko hapa mbele. Twende ukauone, maana tayari umekwisha kuitwa."

Nyuma ya ukumbi palikuwa na soko lenye muziki na vicheko, na mwenye soko alikuwa Bwana Ghushi, kijana mtanashati mwenye suti iliyomkaa, mpole kuliko watu wote niliowaona siku nne zile. Alinivutia kiti. Aliniuliza kisigino kinauma wapi. "Pole, dada yangu. Hapa hatuchoshi watu," akasema, akanifungulia kitabu cha mafunzo kilichojazwa wiki nane kamili. Jumatatu, nimejifunza kupokea barua. Jumanne, nimejifunza kupanga majalada. Kila ukurasa umesainiwa, kila saini ina muhuri, na mwandiko ulikuwa wangu. Nakiri kwamba mate yalinijaa mdomoni. Nikamwuliza nitatoa nini.

"Hutoi kitu. Unaacha mikono tu."

Ndipo nikawatazama vizuri waliokuwa wakicheka. Mikono ya mashati yao ilining'inia mitupu kama nguo kwenye kamba, ikipepea walipogeuka. "Mikono?" nikasema.

"Sasa ya nini, dada? Kazi zenyewe unazijua. Ukishaipata, ni kukaa."

Wote wakacheka tena, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao. Uchungu akaninong'oneza, "Kabla hujamjibu, uone barabara hii inaishia wapi," akanivuta hadi kwenye chumba kirefu chenye harufu ya karatasi kuukuu.

Ilikuwa masijala, na nilijua hivyo kabla ya kuambiwa. Majalada yalipanda hadi darini, mengine yameanguka na kukanyagwa, mengine yamelowa. Mbele ya dirisha la huduma alisimama mama mwembamba mwenye kaniki, ameshika cheti cha kifo ndani ya mfuko wa plastiki. Uchungu akaniambia jina lake ni Haki, ni mjane, na anatafuta jalada la utumishi la mumewe, kwani bila hilo mirathi haitoki.

"Nimekuja tena, mwanangu," Haki akamwambia karani. "Mara ya kumi na nne."

"Mama, jalada halionekani."

"Mwaka juzi lilionekana."

"Aliyeliona amestaafu."

"Basi nenda kaangalie. Mimi nitasimama, sijachoka."

Karani akainamisha kichwa. Mikono ya blauzi yake ilining'inia mitupu pembeni. "Nitaangaliaje, mama?" akasema, bila kiburi, kama mtu anayeuliza kweli. Alipoinua uso niliona ni uso wangu, umeongezwa miaka kumi na mafuta kidogo mashavuni.

Nikataka kukimbia, lakini pembeni, sakafuni, alichuchumaa mwanamke aliyejaa vumbi hadi kope, akiokota karatasi moja moja, akiisoma na kuirudisha mahali pake. Alikuwa Ujuzi. Hakunikaribisha. "Wewe ndiye wa mwaka wa pili? Umepeleka barua ngapi?"

"Tisa."

"Umezipeleka wapi?"

"Mapokezi."

"Masijala hukufika hata moja?"

"Hapana."

"Nakala yako iligongwa muhuri wa kupokelewa?"

Nikatikisa kichwa. Akaweka karatasi aliyokuwa ameishika. "Barua isiyoandikwa kwenye kitabu cha kupokelea barua, iko wapi?"

Jibu likanitoka kama darasani. "Haipo."

"Ulifundishwa lini hilo?"

"Wiki ya kwanza. Mwaka wa kwanza wa stashahada."

"Na ulipofika kaunta ukamwachia nani somo lako?"

"Niliogopa kuonekana mjuaji," nikasema. "Nilitabasamu, nikaacha bahasha, nikashukuru."

"Na ndani ya barua uliomba nini?"

"Nafasi yoyote."

"Yoyote ni idara gani?" Akacheka, na kicheko chake hakikuwa na huruma. "Unaomba kutunza barua za watu, na ya kwako umeitupa mara tisa."

Machozi yalinitoka, na yalikuwa ya hasira. Nikamwuliza, nikipeleka barua kama ilivyo sheria, nikasema ninachoweza, nikadai iandikwe, je, mlango utafunguliwa? Ujuzi akarudi kwenye karatasi zake. "Mlango sikuahidi. Kujuana ana funguo nyingi kuliko mimi, na Bi Kesho hajaacha kupenda maandazi. Mimi naahidi mikono." Haki akaanza kugonga kidirisha kwa kidole, taratibu, bila kukoma, hadi mlio ule ukawa mtetemo wa simu juu ya meza yangu, nami nikaamka jua likiwa bado dirishani.

"Shem, umekufa?" Alikuwa Ambakisye. "Mtu wangu anafunga kumi na moja na nusu."

"Nilikuwa nimelala, shemeji."

"Leta fomu basi."

"Siji."

"Umepata ofisi?"

"Sijapata. Kesho asubuhi napeleka barua upya, naipeleka masijala kwenyewe."

"Kesho Ijumaa. Ofisi gani itakujibu siku hiyo hiyo? Unarudia mwaka, Tusekile."

"Huenda."

"Wenzako wote wanagongewa. Nani atakuja kukagua?"

"Kuna mama atakuja kutafuta jalada la mumewe."

"Mama gani?"

"Simjui."

Alicheka hadi akakohoa, kisha nikamsikia akimpa dada simu. "Ongea na mdogo wako, amelala na njaa huyu." Lugano akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado. Akasema nimsikilize mume wake, kwani mwaka wa mtu si shati la kubadilisha, na alisema kweli.

Nilipokata simu sikujisikia shujaa. Waliofunga milango ile wamenidhulumu, na sitawasafisha hata siku moja. Lakini nilielewa pia kwamba mimi mwenyewe niliwasaidia mara tisa, kwa tabasamu, na kwamba fomu ile ikigongwa leo, nitakuwa nimekubali kufanana nao kabla hawajanipa hata kiti. Mwaka ni mrefu kuupoteza, na huenda kesho jioni nikaupoteza. Lakini yule mama, ambaye labda leo mumewe yu mzima na wanakula pamoja wakigombana kuhusu chumvi, hatakuja kuambiwa na mimi kwamba jalada halionekani.