Sitini na Mbili ya Darubini

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Barua ya kustaafu iliponikuta mezani pangu, kati ya mashine ya kusaga lenzi na boksi la fremu, nilianza kwa kuifanya kitako cha kikombe cha chai. Chai ilipokwisha, nikaichukua hivyo hivyo na duara lake la maji, nikaenda nayo kwa Karani wa kumbukumbu za wafanyakazi.

"Mama, karatasi zako zinasema ulizaliwa 1962," Karani akasema, hata hakuinua macho. "Mwezi ujao unatimiza sitini. Sasa kosa langu hapo ni lipi?"

"Hizo karatasi zilitokana na maneno ya baba yangu. Na baba yangu alikuwa akitafuta viatu huku amevivaa."

"Basi leta uthibitisho mwingine."

Nimekata lenzi za miwani katika karakana ya hospitali yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, watoto wana makwao. Kila asubuhi kuna mtu anavaa miwani niliyoikata kwa mikono hii, anatazama ukutani, anasema, "Kumbe!" Hiyo kumbe ndiyo inayoniamsha kitandani. Wakinitoa pale, sijui nitaamkia wapi, na nasema wazi kwamba naogopa.

Cheti cha kuzaliwa sina. Uthibitisho wangu wote ni darubini ya Kijapani, ya kutazamia nyota, ndani ya sanduku la mbao. Baba, aliyekuwa mpima ardhi, aliinunua melini, na kwenye kifuniko cha sanduku akaandika kwa penseli: "Nimeinunua ikiwa mpya, wiki aliyozaliwa binti yangu." Tarehe hakuna. Ndiyo baba huyo! Alizoea kuniambia kwamba mimi na ile darubini ni rika moja. Kwa hiyo atakayejua umri wake, ameujua na wangu.

Nilipomweleza Karani, alicheka mpaka akavua miwani, na miwani yenyewe nilimkatia mimi. Kisha akanionea huruma. "Leta maelezo ya fundi anayevijua vitu hivyo," akasema. "Na kiapo cha ndugu yako wa damu, lakini awe anakuzidi umri."

"Anayenizidi sina. Mkubwa ni mimi."

"Hayo sasa ni yako na ndugu zako."

Ndugu niliye naye ni mmoja tu, mdogo wangu, wa mama mwingine. Kwa urefu wake tunamwita Twiga. Alikulia kwa mama yake, akaletwa kwetu nikiwa na miaka kumi na minne. Mama yangu alikuwa amekufa tangu natambaa. Baba alishusha begi la mgeni mlangoni, akasema, "Huyu ni dada yako," akaingia ndani kutafuta kofia iliyokuwa kichwani. Tukabaki tunaangaliana. Yeye kadi yake ya kliniki ilisema Februari 1965, mimi fomu yangu ya shule ilisema 1962. Alinipita kwa kichwa kizima, lakini hesabu ni hesabu. Nikamwambia, "Haya, amkia." Akaamkia. Mwaka uliofuata baba akafariki, tukalelewa pamoja na shangazi. Tangu siku ile ya mlangoni Twiga ananipa shikamoo yangu, na chai ikitakiwa, iwe kwake au kwangu, anayeinuka ni yeye. Akinikera namwambia ukubwa jalala, kila taka nabeba mimi. Yeye huenda zake kubandika chai.

Nikabeba sanduku hadi kwa Fundi Kamera. Ana kibanda chembamba nyuma ya duka la vitambaa, na kamera zilizokufa zimejaa rafu mpaka darini. Alitandaza shuka la kijani, akaitoa darubini polepole, akaanza kuizunguka akiguna.

"Kibandiko hiki cha dhahabu," akasema, "ni cha wakaguzi wao. Walikuwa hawaruhusu kitu kusafirishwa bila hiki. Nimekiona kwenye vyombo vya miaka ya sitini, hata sabini."

"Sitini au sabini? Mwenzio nina wiki tatu!"

"Tulia, mama." Akainua sponji iliyolaza mrija, akatoa chini yake kikaratasi cha ukaguzi chenye mhuri mwekundu. Sijawahi kukiona maishani mwangu. Maandishi yote ya Kijapani, lakini tarakimu zilisomeka: 41, 8, 12. "Hii hapa tarehe yako. Arobaini na moja, mwezi wa nane, tarehe kumi na mbili."

"1941?"

"Ndivyo inavyosema."

"Kwa hiyo mimi nina miaka themanini na moja."

Akanitazama usoni, akatazama kikaratasi, akanitazama tena. "Umejitunza," akasema.

Sikuwa na hamu ya utani. Nilimwuliza ni meli gani ingebeba darubini za Wajapani dunia nzima ikiwa vitani. Akakuna kidevu. Halafu akapiga kofi meza, akavuta kalenda ya zamani ya kampuni ya filamu ya Kijapani aliyoiweka kwa ajili ya picha. "Subiri! Hawa wana miaka yao. Wanahesabu tangu mfalme wao alipokalia kiti. Ukitaka yetu, kwa mfalme wa wakati ule unaongeza 1925."

Nilishusha pumzi. Lakini kabla sijazimaliza, yeye tayari alikuwa ameinama kwenye pete ya kioo cha mbele, pale rangi ilipofutika kwa vitambaa vya baba. Zilibaki namba mbili tu, nyeupe. "Hapa pana 62," akasema. "Sitini na mbili ongeza 1925..." Midomo ikamchezacheza. "1987."

"1987 nilikuwa nanyonyesha!"

"Basi sielewi."

"Na mimi ndiyo naelewa?" Asubuhi niliamka na miaka sitini, saa nne nikawa na themanini na moja, saa tano nina thelathini na mitano, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Kichwa kilikuwa kinaniuma kweli. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikaikodolea macho ile 62, nambari ambayo nimeandika kwenye kila fomu tangu shule ya msingi, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza inafanya nini kwenye pete ya kioo.

Sitembei bila kipimio changu cha chuma. Nikakitoa kwenye mkoba, nikafungua taya zake, nikakibana kwenye kioo ukingo hadi ukingo, kama ninavyofanya mara hamsini kwa siku. Milimita sitini na mbili.

"Ni upana," nikasema. "Ni upana wa kioo, jamani!"

Hapo hapo nikaiona siku ya kuandikishwa shule. Mwalimu mkuu alimwuliza baba mwaka niliozaliwa. Baba akajibu, "Mwaka wa darubini." Akaambiwa akauangalie huo mwaka. Akaondoka mbio, akarudi anahema: "Sitini na mbili!" Mwalimu akamgombeza mbele ya watu kwa kumficha nyumbani mtoto wa miaka kumi na moja, na baba akasimama na kofia mkononi akiomba radhi kwa kosa asilolifanya. Nilikuwa mdogo kuliko wote darasani, wakasema ni umbo langu. Na mimi kutwa nzima napima vioo kwa milimita! Mganga hajigangi.

"Kwa hiyo inabaki arobaini na moja," Fundi Kamera akasema, akayaandika maelezo yake kwa kalamu. "1966, mwezi wa nane. Weka na safari ya melini. Hongera, mama, umepata miaka minne."

Nilitaka kumkumbatia. Nilikuwa nimeshainuka kabisa, ndipo 1965 ya Twiga ikanijia, nikakaa tena.

Fomu ya kiapo nilitembea nayo mkobani siku nne. Usinicheke. Cheo cha ukubwa nilikivaa toka utotoni, na sikuwa na kingine cha kuvaa. Nilifikiria hata kumtafuta binamu wa mbali ale kiapo cha uongo. Lakini nilipofikiria lile benchi langu la karakana likikaliwa na mtu mwingine, nikaenda.

Twiga alikuwa kwenye cherehani, futi ya kitambaa shingoni. "Shikamoo, dada."

Badala ya marahaba nikafungua mkoba. Nikampa fomu na maelezo ya Fundi Kamera, nikamweleza yote kwa fujo, mhuri, mfalme, milimita, nikichanganya mwanzo na mwisho. Akafungua droo ya cherehani, akatoa kalamu, na pale palipoandikwa "uhusiano" akaandika: dada mkubwa. Akatia sahihi.

"Wewe hushangai?" nikauliza.

"Nishangae nini? Wiki ile niliyoletwa ulikuwa unauma mkate, jino likang'okea humo humo. Nililiokota mimi. Mtu wa miaka kumi na minne anang'oka meno ya utotoni?"

"Na baba, alijua?"

"Baba alisema mbele yetu wote wawili, 'Huyu ni dada yako.' Alikuwa anakuambia wewe."

Hasira zikanipanda, nikatafuta pa kuzitupia, sikupaona. "Miaka yote hiyo umeniamkia! Mbona ulinyamaza?"

Alisokota uzi kwenye kidole. "Hukuwa na mama. Mara baba naye akaondoka. Nikasema basi, huyu aachiwe hata ukubwa."

Nililia, na mimi silii mbele za watu. Nikafuta uso kwa kipande cha bitana kilichokuwa mezani.

"Shikamoo, dada," nikasema.

Alitunga kwanza uzi kwenye sindano.

"Marahaba," akasema. "Haya, nenda kabandike chai."

Nikainuka, nikaenda.