Anayepanga, Anayeng'oa

1.

…na gari lilikuwa limeshaipita Haneti, linakwenda Dodoma kwa kasi, Mwajabu amemkamata Zamda kifundo cha mkono utadhani mtoto atachomoka dirishani, ndipo alipokumbuka kwamba hakumwambia mama mkwe wake dawa ya homa ameiweka wapi.

"Mama, dawa ya Idrisa iko kabatini, nyuma ya vikombe."

"Mtoto namjua. Nimelea kabla yako." Sauti ya Bibi Sikudhani ilikuwa kavu simuni. "Nyie nendeni mkafanye urembo wenu."

Urembo.

2.

TANGAZO KWA WANANCHI WOTE

Daktari bingwa wa kupanga meno atakuwepo hospitalini hapa siku ya Alhamisi TU. Atakayekosa zamu yake asubiri tangazo jingine. Mtoto aje na mzazi. Ni marufuku kutema mate sakafuni.

3.

Kabla ya tangazo hilo walishauliza Kondoa nzima.

Zahanati: "Kupanga? Hapa tunang'oa, dada. Na mng'oaji mwenyewe yuko semina."

Duka la dawa: "Yanamuuma? Hayamuumi? Sasa mnatafuta nini?"

Mwalimu wa zamu: "Afunge mdomo asome."

Sonara wa sokoni: "Kupanga sijui. Ila nikimwekea moja la dhahabu, hakuna atakayeyatazama hayo mengine."

Binamu aliyeko Dodoma: "Wapo wa kupanga, lakini huja na kuondoka. Nikisikia nitakupigia." Akasikia. Akapiga.

Zamda ana miaka kumi na mitatu. Meno yake ya chini yamelaliana kama watu waliosinzia kwenye benchi. Alianza kwa kucheka nyuma ya kiganja. Kisha akaacha kucheka. Mwaka huu ameacha kujibu maswali darasani, hata yale anayoyajua, na kwa Mwajabu hilo ndilo lililozidi kipimo. Ndiyo maana leo amemwacha mtoto wa miezi minane, aliyeamka na joto kidogo.

Kidogo tu, alijiambia.

4.

Nyumbani joto si kidogo tena.

Bibi Sikudhani amepitisha kidole ndani ya mdomo wa mjukuu. Ufizi wa chini umetuna, huku na huku, na chini ya nyama panaonekana weupe.

Wewe unayesoma, kama hukulelewa pande hizi, elewa hivi: wazee husema hayo ni meno ya nailoni, meno mabaya, na yasipochokonolewa mapema mtoto anakufa kwa homa. Bibi Sikudhani hasemi kwa kusikia. Alizika wawili ambao hawakutolewa. Wa tatu akatolewa, akaishi, akawa Hashimu, dereva wa lori, baba yao Zamda na Idrisa.

Mwambie wewe kwamba amekosea.

Amemfunga Idrisa mgongoni. Kwa Bi Mkala, mtoaji wa meno hayo, si mbali. Simu ameizima, maana mkwewe ana maswali mengi.

5.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, Zamda. Achama. Zaidi. Hapo hapo."

Dokta Mwasaga, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama mdomo.

"Mama Zamda, hapa pangekuwa na meno ya chonge. Moja huku, moja huku. Hayapo. Hata ndani ya mfupa hayapo. Haya mengine yamelalia pengo."

"Alizaliwa bila?"

"Wapo wanaozaliwa hivyo, wachache. Lakini huyu ana makovu kwenye ufizi. Alipokuwa mchanga, nani alimtoa meno ya nailoni?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe nili—"

Hapana. Alilazwa. Kidole tumbo. Zamda alibaki na bibi yake, na siku Mwajabu aliporudi alimkuta mtoto amevimba kinywa, hataki ziwa. *Ameanza kuota*, mama mkwe alisema. Akamshukuru. Alimshukuru!

"Hakuna meno ya nailoni, mama. Ni meno ya kawaida yaliyo njiani. Homa huwa ina sababu yake nyingine. Una mtoto mwingine mdogo?"

"Ninaye."

"Mzima?"

Mwajabu alikuwa ameshatoka.

6.

Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

Namba unayopiga haipatikani

Namba unayo

7.

"Mama Rajabu! Mama mkwe wangu yuko hapo?"

"Ametoka, jirani yangu, na mtoto mgongoni. Nimemsalimia, kaniambia anakwenda kwa Bi Mkala."

"Kimbia. Mzuie."

"Mimi? Nikamwambie nini mtu mzima yule? Si atanitukania ukoo!"

"Mwambie mtoto ni wangu."

"Shoga, lile ni jambo la—"

"Mama Rajabu. Ukifika umechelewa, usinipigie. Kimbia!"

Kandambili zikasikika, pa, pa, pa, halafu upepo.

8.

Huko ndani Zamda amejazwa mdomo ute mzito wa rangi ya waridi. Ndiyo chapa ya meno yake, ambayo kwayo watatengeneza waya. "Usitikisike mpaka igande," daktari amemwambia. "Ikiharibika leo, sina nyingine."

Hatikisiki. Anapumua kwa pua.

Kwenye korido simu inaita.

Mama yake anasema haloo. Anasema, "Umefika?" Anasema, "Upande gani?"

Kisha anapiga yowe.

Zamda anaitema chapa sakafuni na kukimbia.

9.

Mama Rajabu alimkuta Bi Mkala ameshika spoku ya baiskeli. Upande wa kulia alikuwa ameshamaliza. Wa kushoto haukuguswa.

Homa ya Idrisa ilikuwa malaria. Alilazwa, akaongezwa damu. Yu hai.

Hashimu alirudi safarini, akamsikiliza mkewe, akamsikiliza mama yake, akapanda lori akaondoka.

Dokta Mwasaga hajarudi Dodoma. Pale palipokuwa na tangazo lake pamebandikwa jingine, la chanjo.

Zamda yuko kidato cha kwanza. Meno ni yaleyale. Darasani hajibu.

Bi Mkala anaendelea na kazi. Ana foleni.

Mama Rajabu na Mwajabu hawazungumzi. Mama Rajabu anasema alikimbia kadiri ya miguu yake.

Bibi Sikudhani yuko Kolo kwa binti yake. Kila Ijumaa baada ya swala anapiga simu. Haombi radhi. Anauliza kama Idrisa ameota upande wa kulia.

Mwajabu anapokea, anaiweka simu mezani, na kumwacha aulize.